Inalia ao Inapasuka? Kelele za Redio ya Gari na Majina Yake katika Kiswahili cha Kolwezi

1. Utangulizi

Mwaka 2019 shemeji yetu, mkazi wa Kolwezi, alinunua kwa wakala gari jipya la dizeli, lenye sehemu ya mizigo nyuma. Gari hilo lilikuwa jembe lake. Alichukua nalo vipuri na mafundi kati ya Kolwezi na Likasi, mara nyingi usiku. Baada ya miezi kadhaa redio ya gari hilo ikaanza kutoa kelele. Alilirudisha kwa wakala mara tatu. Mara ya kwanza alibadilishiwa antena. Mara ya pili aliambiwa kwamba gari halina kasoro yoyote. Mara ya tatu, zikiwa zimebaki wiki tatu tu muda wa dhamana umalizike, kasoro ilipatikana katika muda usiozidi nusu saa, wala haikuwa katika redio. Mara zote tatu gari lilikuwa lile lile, kelele ile ile na gereji ile ile. Kilichobadilika ni swali aliloulizwa.

Anayelalamikia kelele ana kazi ngumu kuliko anayelalamikia kioo kilichopasuka. Kelele haionyeshwi kwa kidole. Aghalabu haipo kabisa wakati gari limesimama uani, injini imezimwa, na mpokezi ameshika karatasi yake. Kwa hiyo kinachomfikia fundi si kelele yenyewe bali ni neno la kelele, na neno likiwa pana mno fundi huanza kutafuta mahali pasipo na ugonjwa.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili ambayo kwa kawaida hushughulikiwa na watu wawili wasiojuana: jinsi kelele inavyoingia katika redio ya gari, na jinsi wasemaji wa Kiswahili wa Kolwezi wanavyoitaja. Tumeyaweka pamoja kwa sababu ya yale tuliyoyaona katika mkasa huo wa shemeji, ambao tutaurudia mwishoni. Mifano ya mazungumzo ni ile tuliyoisikia kwa masikio yetu. Hatudai kwamba inatosha kuwakilisha ukanda mzima wa shaba.

2. Lugha za gereji

Mji wa Kolwezi ni mtoto wa migodi. Ulikua chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ambayo mali zake nchini Kongo zilitwaliwa na serikali mwanzoni mwa mwaka 1967 na hatimaye zikawa za Gécamines. Tangu mwaka 2015 mji huu ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, lililomegwa kutoka Katanga ya zamani. Watu waliokusanyika katika kambi za wafanyakazi walikuwa Walunda, Wasanga, Wachokwe, Waluba wa Katanga na wa Kasai, na wengine wengi. Kiswahili kikawa lugha ya kambi na ya kazi, Kifaransa kikabaki lugha ya shule, ya ofisi na ya karatasi. Katika karne hii ya 21 yamekuja makampuni ya Wachina, ya Waswisi, ya Wakanada, na pamoja nayo magari ambayo vitabu vyake vya ufundi vimeandikwa kwa Kiingereza.

Kiswahili cha eneo hili hakijakosa watafiti. Edgar Polomé alikiandikia mwaka 1968, Walter Schicho alichapisha uchambuzi wa sintaksia yake mwaka 1982, na mwaka 2014 kikatoka kitabu cha Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi. Kwa upande wa Kolwezi yenyewe hatuna budi kumtaja Johannes Fabian, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960 miongoni mwa wafanyakazi wa migodi waliokuwa wafuasi wa Jamaa, na ambaye mwaka 1973 alichapisha makala juu ya neno moja tu, neno *kazi*. Mwaka 1982 aliandika pia juu ya maneno ya mkopo katika Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akiangalia sanaa iliyomo katika kukopa. Jambo hilo la mwisho linatuhusu.

Maana mgeni kutoka pwani akiingia katika gereji ya Kolwezi, kitu cha kwanza kitakachomgonga sikio ni wingi wa Kifaransa. Atasikia *batri*, *buji* (yaani plagi za kuwashia injini), *antene*, *fizibli*, *alternatere*. Atasikia *masi*, kutoka neno la Kifaransa *masse*, ambalo ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kwa kupitia bodi la gari na waya zilizofungwa kwenye bodi hilo. Ni rahisi mgeni huyo kuamua kwamba lugha imekwisha, kimebaki Kifaransa chenye mavazi ya Kiswahili. Lakini na asikilize sentensi nzima. *Masi imelegea. Buji imekufa. Batri inashuka. Antene imevunjika.* Majina ya vipande yamekopwa, kwa kuwa vipande vyenyewe vilikuja katika maboksi pamoja na majina yake. Mambo yanayovipata vipande hivyo, yaani kulegea, kufa, kushuka, kuvunjika, hayakuja katika maboksi. Hayo husemwa kwa vitenzi vya Kiswahili, na fundi hutibu mambo yanayotokea, siyo majina.

3. Milango ya kelele

Redio ya gari hupokea vitu viwili kutoka nje yake: mawimbi kwa njia ya antena, na umeme kwa njia ya waya wa betri. Kelele hupitia milango hiyo hiyo. (Siku hizi upo mlango wa tatu, waya wa simu, lakini huo hujifichua wenyewe: ukichomoa simu, kelele imekwisha.) Kujua ni mlango upi kunahitaji jaribio ambalo halina gharama. Injini ikiwa inanguruma na kelele ikisikika, punguza sauti ya redio hadi mwisho kabisa. Ikiwa kelele inapungua pamoja na muziki, basi imeingia kabla ya kitasa cha sauti, kwa kawaida kupitia antena. Ikiwa muziki umenyamaza na kelele imebaki palepale, imeingia baadaye, kupitia waya za umeme au masi. Jaribio la pili ni kuchomoa waya wa antena nyuma ya redio na kusikiliza tena.

Tuanze na mlango wa antena. Katika injini ya petroli mafuta huwashwa kwa cheche. Heinrich Hertz alipothibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio, kati ya mwaka 1886 na 1888, chombo chake cha kurushia kilikuwa ni cheche, na meli za mwanzoni mwa karne ya 20 zilipelekeana habari kwa cheche vilevile. Kwa hiyo kila plagi ni mtambo mdogo wa matangazo, tena usio na leseni. Injini ya silinda nne na mipigo minne hutoa cheche 2 katika kila mzunguko. Ikiwa inazunguka polepole, mara 750 kwa dakika, cheche ni 25 kwa sekunde. Sikio la mwanadamu bado linaweza kuzisikia kama vishindo vidogo vinavyofuatana: redio *inatatarika*, kama chumvi iliyomwagwa motoni, au kama wasemavyo Kolwezi, *inapasuka*. Dereva akikanyaga mafuta hadi mizunguko 3,000, cheche zinafika 100 kwa sekunde. Sikio haliwezi tena kuzitenga, zinaungana na kuwa mvumo mzito. Kelele ni moja, lakini imehama kutoka kitenzi kimoja hadi kingine. Mteja aliyeisikia garini mwake akiwa barabarani ataileta kwa jina la mvumo, na fundi atakayeisikia uani ataiita mtatariko, na kila mmoja atadhani mwenzake hana masikio.

Kinga ya kelele hiyo ni plagi zenye kizuizi cha umeme ndani yake, na waya za plagi zenye kizuizi kama hicho. Kampuni ya NGK ya Japani huonyesha kizuizi hicho kwa herufi R katika namba ya plagi. Mtu aliyeuziwa plagi ya bandia sokoni, au fundi aliyeweka plagi isiyo na R kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo, hataona tofauti katika mwendo wa gari. Tofauti itaonekana katika redio, hasa katika masafa ya kati, ambapo ujumbe hubebwa na nguvu ya wimbi na kila cheche huongeza nguvu isiyotakiwa. Masafa ya FM, ambayo Edwin Armstrong aliyapatia hataza mwaka 1933, hubeba ujumbe kwa kubadili kasi ya mtetemo wa wimbi, kwa hiyo huvumilia cheche zaidi.

Mlango wa pili ni wa umeme, na mkosaji wake mkuu ni altaneta, ambayo Kolwezi huitwa *alternatere*. Chombo hiki huzalisha umeme unaogeuka mwelekeo, katika awamu tatu, kisha diodi sita huunyoosha ili uweze kuchaji betri. Lakini umeme ulionyooshwa si ubao uliopigwa randa: bado una mawimbi madogo juu yake. Katika altaneta nyingi za magari madogo, zenye ncha 12 za sumaku, mawimbi hayo ni 36 kwa kila mzunguko. Mkanda huizungusha altaneta haraka kuliko injini; tuseme mara mbili na nusu. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, mawimbi yanazidi 1,100 kwa sekunde. Ikifika 3,000, yanakuwa 4,500. Huo hauwezi kuwa mtatariko wala mvumo. Ni *mluzi*, nao hupanda na kushuka pamoja na mguu wa dereva. Kolwezi tumesikia ukielezwa kwa kitenzi *kulia*, na mara moja kwa *kuimba*.

Katika gari zima mluzi huo hausikiki, kwa sababu betri hulainisha mawimbi hayo kama bwawa linavyotuliza maji ya mto. Ukisikika, kuna jambo. Huenda masi imelegea au imeota kutu, na vumbi jekundu la barabara za migodi likifuatwa na mvua za Novemba hadi Aprili ni mwalimu mzuri wa kutu. Huenda redio imefungwa na mtu asiye fundi, ambaye amechukua umeme mahali pamoja na masi mahali pengine pa mbali. Au huenda diodi moja katika altaneta imekufa. Hapo mawimbi hayako sawa tena; pengo linajirudia mara 6 katika kila mzunguko wa altaneta, na chini ya mluzi hutokea sauti nzito yenye kukwaruza, takriban mara 190 kwa sekunde injini ikizunguka polepole. Ni kama mtu anayepiga mluzi na wakati huohuo anakoroma. Habari hii ya mwisho ni kubwa kuliko redio. Altaneta yenye diodi mfu bado inachaji, lakini kwa nguvu pungufu, na diodi zilizobaki zinabeba mzigo usio wao. Mchana dereva haoni kitu. Usiku, taa zikiwa zinawaka na mvua inanyesha na vipangusa kioo vinafanya kazi, betri huanza kumaliziwa akiba yake kidogo kidogo.

Vyanzo vingine tutavipitia kwa haraka. Vichaji vya simu vya bei ndogo vinavyochomekwa penye kiwashio cha sigara, na taa za LED zinazowekwa badala ya taa za awali, hukatakata umeme kwa kasi kubwa mno na hutoa uchafu unaofika hata masafa ya FM. Kelele yao mara nyingi si sauti bali ni stesheni dhaifu kutoweka. Malori makubwa yanayobeba shaba na kobalti hutumia volti 24, na madereva wapendao redio za volti 12 huweka chombo cha kupunguza volti, ambacho nacho hukatakata umeme vilevile. Magari yanayoruhusiwa kuingia migodini hufungwa redio za mawasiliano. Dereva akibonyeza kitufe cha kusema, redio ya muziki hupiga *bup*. Hiyo si kasoro ya kupelekwa kwa yeyote.

4. Kelele zisizo za gari

Kolwezi ina sababu yake ya pekee ya kulaumu mambo yaliyo nje ya gari. Mwaka 1982 ilikamilika laini ya umeme kutoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi, urefu wa kilomita 1,700 hivi. Laini hiyo husafirisha umeme wa mkondo mmoja, usiogeuka, kwa volti 500,000, na kituo cha Kolwezi hugeuza umeme huo uweze kutumiwa na migodi. Kwa volti nyingi namna hiyo hewa inayozunguka waya huvunjikavunjika na kutoa vicheche, na gari linalopita chini yake likiwa kwenye masafa ya kati husikia mvumo. Reli ya eneo hili nayo ina umeme. Radi za masika, hata zikiwa mbali sana, hupasua masafa ya kati kwa vishindo visivyo na utaratibu.

Kuna kisa kingine ambacho si kelele kabisa, ingawa wateja hukileta kwa jina hilo. Magari mengi yaliyotumika hutoka Japani, ambako FM kwa miaka mingi ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, nayo ikaongezwa hadi 95 katika miaka ya 2010. Sehemu kubwa ya dunia, Kongo ikiwamo, hutumia 87.5 hadi 108. Mwenye gari kama hilo huzungusha redio kutoka mwanzo hadi mwisho na kusikia *shhhh* karibu kila mahali. Redio yake ni nzima. Inatafuta matangazo mahali ambapo hakuna anayetangaza. Dawa ni kubadili redio, au kuweka kile kikasha kinachoshusha masafa, ambacho kina ubaya wake, kwani namba inayoonekana kwenye redio haitakuwa namba ya stesheni, na kikasha duni huongeza kelele ya kwake.

Tunayataja haya kwa sababu fundi anayesema “kelele hiyo inatoka nje” huenda anasema kweli. Lakini ukweli wake unapimika. Kelele ya nje haijui kasi ya injini. Dereva akikanyaga mafuta na kelele ikapanda, akiachia na kelele ikashuka, basi laini ya Inga haina hatia.

5. Vitenzi na kamusi

Hebu sasa tuvitazame vitenzi vyenyewe. Tukivikusanya vile tulivyovitumia hapo juu, *kutatarika*, *kupasuka*, *kuvuma*, *kulia*, *kukwaruza*, *kukoroma*, tutaona kwamba havitofautiani kwa ukubwa wa sauti wala kwa ubaya wake. Vinatofautiana kwa umbo. Kutatarika na kupasuka ni sauti iliyokatika vipande. Kuvuma ni sauti isiyokatika na iliyo chini. Kulia, inaposemwa juu ya chombo, ni sauti isiyokatika na iliyo juu. Kukwaruza na kukoroma ziko katikati: haikatiki, lakini sikio bado linahisi meno yake. Mgawanyo huo unalingana, karibu hatua kwa hatua, na hesabu tulizofanya: 25 kwa sekunde, 100, 190, 1,100. Hatudai kwamba Waswahili walitunga vitenzi kwa ajili ya altaneta. Tunasema tu kwamba lugha iliyozoea kutofautisha ngoma, upepo, moto na koo la mtu aliyelala inazo tayari tofauti ambazo fundi wa umeme anazihitaji.

Kamusi zetu, kwa bahati mbaya, hazimsaidii. Desturi yake ni kueleza sauti kwa chanzo: mngurumo ni wa simba au radi, mchakacho ni wa majani makavu yakikanyagwa. Maelezo ya namna hiyo yanamtosha msomaji wa hadithi. Kwa mtu anayesikia sauti na hajui chanzo, yaani mtu ambaye hasa ndiye anayehitaji neno, hayana kazi, kwa kuwa yanamwambia kile anachotaka kukigundua. Kamusi ingeweza pia kusema kama sauti inakatika au haikatiki, iko juu au chini, na kama hubadilika. Tunakiri kwamba ni rahisi kusema hivi kuliko kuandika kamusi.

Kwa upande wa pili wa meza, Kifaransa cha gereji kina neno moja kwa kelele zote za redio: *parasites*. Kwa Mfaransa fundi ni neno halali, na anajua kulifuatilia kwa maswali. Lakini likishaingia katika fomu ya mapokezi na kuwa kisanduku cha kuwekewa alama, maswali yanakwisha. Mteja anaweza kusema *inalia* au *inapasuka* au *inakoroma*. Mpokezi, ambaye naye ni msemaji wa Kiswahili na ameelewa vizuri, anatafsiri yote kuwa *parasites radio* kwa kuwa ndivyo fomu inavyotaka. Tofauti zilizokuwa kinywani mwa mteja zinafia kwenye kaunta, hatua kumi kutoka kwa fundi ambaye angezitumia.

6. Mara ya tatu

Ndivyo ilivyokuwa kwa shemeji. Mara ya kwanza aliiambia kaunta kwamba redio *iko nalia* akiongeza mwendo. Fomu ikaandikwa *parasites radio*. Fundi aliyeipokea alifanya kile ambacho neno hilo humwelekeza mtu kukifanya kwanza: alikagua antena, akaona shina lake limeingia vumbi, akalibadilisha. Kazi ilikuwa nadhifu na haikuwa na faida. Mara ya pili gari lilisikilizwa injini ikiwa imezimwa; redio ikasikika safi, na shemeji akapewa maelezo marefu kuhusu laini za umeme za Kolwezi. Karatasi ilisema hakuna kasoro iliyoonekana. Karatasi hiyo ndiyo iliyomtia hofu, maana ingekuwa ushahidi dhidi yake baada ya dhamana kwisha.

Mara ya tatu tulikwenda naye. Fundi aliyekuwapo alikuwa mtu mzima, karibu na kustaafu, ambaye kila mtu pale alimwita papa. Alichukua fomu, akaisoma, akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha akamgeukia shemeji.

“Yaya, inalia ao inapasuka?”

“Inalia, papa. Nikikanyaga, inapanda.”

“Inalia muzuri, ao inalia na kukoroma?”

Shemeji alifikiri kidogo. “Na kukoroma,” akasema. “Kidogo. Zaidi usiku.”

Papa fundi akawasha injini, akawasha redio, akasikiliza, akapunguza sauti hadi mwisho. Muziki ukanyamaza, mluzi ukabaki. Akasema gari ni la dizeli, halina buji, kwa hiyo tusipoteze muda kwa habari za buji wala za antena. Akakagua waya wa masi kati ya injini na bodi kwa kuuvuta kwa mkono, ulikuwa imara. Ndipo akaleta kipimo cha umeme, akakiweka kwenye upande wa umeme unaogeuka, akagusisha ncha zake kwenye betri injini ikiwa inanguruma, na kumwomba shemeji awashe taa kubwa. Katika gari zima kipimo hicho huonyesha kiasi kidogo sana, chini kabisa ya nusu volti. Hapo kilizidi. Akatuonyesha bila kusema neno, akazima injini, akasema, “Alternatere.”

Tulipomuuliza kwa nini aliuliza habari za kukoroma, alijibu kwamba masi mbaya hulia tu, lakini diodi ikifa “inalia na kikohozi”. Tumeirekebisha kauli yake kidogo. Alitumia pia mkono wake, akiukatakata hewani.

Altaneta ilibadilishwa chini ya dhamana. Shemeji aliendelea na safari zake za usiku za Likasi, na redio ikanyamaza pale ilipopaswa kunyamaza. Kabla hatujaondoka tulimwona papa fundi akiitoa fomu mfukoni na kuikunjua. Katika sehemu ya maoni ya fundi aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, *INALIA NA KUKOROMA*, kisha kwa Kifaransa jina la kipande kilichobadilishwa. Mpokezi aliyeiingiza katika kompyuta alitafuta mahali pa kuyaweka maneno yale ya kwanza, akakosa, akaweka alama penye *parasites radio*.